Kigoda Kando ya Jiko

Jirani yangu huuza dagaa Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza. Hurudi jioni amechoka hoi, na binti yake wa miaka 13 keshajifungia chumbani. Zamani neno la kwanza lilikuwa, "Vyombo umeosha?" Siku hizi huvuta kigoda kando ya jiko la mkaa, akachagua mchele na kuuliza, "Mwanangu, leo umeshindaje?" Kisha hunyamaza amsikilize. Kunyamaza huko ndiko kulikomshinda miaka yote.

Amejifunzia kwenye simu, kwa ParentApp, programu ya bure kwa walezi wa vijana wa miaka 10 hadi 17, iliyofanyiwa majaribio hapa hapa Mwanza. Chimbuko lake ni mpango wa Parenting for Lifelong Health, ulioungwa mkono na WHO na UNICEF. Nawapongeza kwa dhati walioibuni. Ukishaipakua, masomo yanafunguka hata bando likiisha, na kwa mama anayehesabu mafungu ya dagaa hilo si jambo dogo.

Nililolipenda zaidi: haimgombezi mzazi. Inaanza na yeye mwenyewe, avute pumzi, atulie, ndipo amkabili mtoto. Bajeti ya nyumbani nayo ina somo lake, tena kwa haki kabisa, maana makofi mangapi yamewaangukia watoto kwa sababu ya kodi ya nyumba tu?

Juzi nilipita pale jioni. Vigoda vilikuwa viwili, na binti ndiye aliyekuwa akisimulia.