Simu ya Kuunda kwa Mkono: Mpime Fundi kwa Waya wa Betri

Ukiletewa simu iliyoundwa kwa mkono, usianze na kioo. Kioo, batani na spika vinauzwa tayari, na mwenye subira ya jioni mbili ataviunganisha mpaka viwake. Wewe igeuze, fungua mgongo, utafute waya mwekundu unaotoka kwenye betri. Hapo ndipo fundi anapojulikana.

Viungo vyake havizidi vidole vya mikono: moduli ya GSM (kipande kinachowasiliana na mnara wa mtandao) kama SIM800L, ambayo ni ndogo kuliko kisanduku cha kiberiti, bodi ya kuiamrisha, ya jamii ya Arduino, kioo, batani, maikrofoni, spika, antena na betri ya lithiamu. Michoro nayo haifichwi. David Mellis, mmoja wa waanzilishi wa Arduino, alipokuwa MIT nchini Marekani aliunda simu ya ganda la mbao nyembamba, akaiweka michoro yake hadharani aitumie apendaye. Kwa hiyo ukiziona simu mbili za mchoro mmoja, moja inadumu na nyingine inazimika ovyo, ujue mikono ndiyo iliyotofautiana.

Rudi kwenye ule waya. SIM800L inataka volti kati ya 3.4 na 4.4. Ikiwa kimya haili chochote cha kutisha, lakini inaporusha sauti kwenda mnarani huvuta umeme kwa mikupuo mifupi inayoweza kufika ampea 2. Sasa piga hesabu: waya mwembamba, mrefu, wenye maungio mabovu, ukiwa na ukinzani wa omu 0.3 tu, hunyang'anya volti 0.6 katika kila mkupuo. Betri ina 3.9, moduli inapata 3.3, inazima na kuwaka upya. Mwenye simu analaumu mtandao, anabadilisha laini, anabadilisha hata betri, kumbe tatizo ni waya wa kuokoteza. Fundi mzuri hutumia waya mnene na mfupi, na huweka kapasita kubwa ubavuni mwa moduli kabisa, iwe akiba ya kuziba pengo la mkupuo. Nikiikuta kapasita hiyo imewekwa mbali, upande wa pili wa ganda, penye nafasi iliyobaki tu, huwa nimeshapata jibu langu.

Ndiyo maana siikubali simu iliyojaribiwa mezani tu, Makoroboi, katikati ya jiji la Mwanza. Karibu na mnara simu hunong'ona. Mbali na mnara hupiga kelele kwa nguvu zake zote, na betri ndiyo inayolipa. Ipeleke nyuma ya majabali ambako mawimbi yanafika kwa shida, au panda nayo kivuko cha Kamanga, betri ikiwa nusu, kisha upige. Moduli yenyewe ikiulizwa hutaja nguvu ya mawimbi kwa namba kutoka 0 hadi 31. Jaribio lenye maana ni lile la chini ya 10. Ila usiionee: GSM ya kawaida haivuki kilomita 35 kutoka mnarani, hata ziwa likiwa tambarare na hakuna kizuizi. Mvuvi wa dagaa akienda mbali zaidi ya hapo, kukatika kwa simu si kosa la fundi.

Baada ya umeme, sikio. Unaijua ile sauti ya redio kukwaruza sekunde chache kabla simu iliyo karibu haijaita. Ni ile mikupuo, mara 217 hivi kwa sekunde, ikiingia kwenye waya wa spika. Simu iliyoundwa vibaya hujikwaruza yenyewe, na unayeongea naye husikia mngurumo chini ya maneno yako. Tazama kama nyaya za maikrofoni zimesokotwa pamoja na kupitishwa mbali na antena, na kama antena haikulaliwa na betri.

Maungio ya risasi yawe laini, yamekumbatia waya badala ya kukaa juu yake kama tone. Flaksi (dawa ya kuunganishia) iliyobaki iwe imesafishwa kwa brashi na spiriti, maana unyevu wa ziwani pale Kirumba Mwaloni hauchelewi kuleta kutu ya kijani.

Jambo moja sina huruma nalo: IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Tarakimu 15 zinazotoka ndani ya moduli zifanane na zilizobandikwa juu yake, na ukizituma kwenda 15090 upate jibu safi. Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilizima simu bandia mwezi Juni 2016, na kuichezea namba hiyo ni kosa la jinai. Kifaa kisichokuwa na namba yake halali sikifungui mgongo.

Iliyo bora kuliko zote nilizowahi kushika ilikaa ndani ya kopo la plastiki. Kioo chake kilikuwa na mistari miwili tu ya maandishi. Binti aliyeiunda aliniruhusu nivute nyaya zake, niitikise, nifungue menyu ya pesa ya *150*00# mara tatu mfululizo. Kisha tukapanda kivuko. Akampigia mama yake aliye Nansio, Ukerewe, kuuliza bei ya dagaa, wakaongea mpaka ng'ambo, na mama hakusema hata mara moja, "Sikusikii, mwanangu."