Barua zinazosubiri vimondo

Ukitaja kimondo, Watanzania wengi watafikiria lile pande la chuma lililoko Mbozi. Vimondo vya habari hii ni vumbi tu: chembe ndogo kuliko punje ya mchanga, zinazoingia angani kwa mabilioni kila siku na kuungua kati ya kilomita 80 na 120 juu yetu. Kila chembe huacha mkia mwembamba wa hewa iliyojaa chaji za umeme. Mkia huo hudumu sehemu ya sekunde, mara chache sekunde kadhaa. Wimbi la redio likiugonga kwa pembe inayofaa, hutua hata kilomita 2,000 kutoka liliporushwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, watafiti wa ulinzi wa Kanada, Peter Forsyth akiwemo, walianza kuunda mfumo wa kutumia mikia hiyo. Waliuita JANET. Vituo viwili vinaelekeza antena zao kwenye kipande kilekile cha anga, na kila kimoja kinarusha wimbi tupu, lisilo na neno, bila kukoma. Ujumbe umeshaandaliwa na uko akibani, kama abiria wa daladala ya alfajiri, nauli mkononi. Kimondo kikipita, kila mtambo unasikia wimbi la mwenzake likipanda. Likivuka kiwango kilichowekwa, lango linafunguka na maneno yanamiminwa kwa kasi ambayo kidole cha binadamu hakiwezi. Likififia, lango linafungwa. Kilichobaki kinangoja kimondo kingine.

Mimi hulistaajabia lango hilo kuliko vimondo vyenyewe. Likichelewa kufunguka, nafasi imepotea; likichelewa kufungwa, maneno yanaishia hewani.

Wanajeshi walikuwa na sababu zao. Wimbi linalorudi huangukia eneo dogo, hivyo mdukuzi aliye mbali na hapo hasikii kitu. Tena, dhoruba za jua zinazovuruga masafa mafupi hazizuii vimondo kuanguka. Katika miaka ya 1960 NATO ilikuwa na mfumo wake, COMET, uliounganisha nchi kadhaa za Ulaya, zikiwemo Uholanzi, Italia na Norwei. Kasi yake ilikuwa wastani wa biti 115 hadi 310 kwa sekunde, kutegemea majira ya mwaka. Saa nazo zilikuwa na neno: alfajiri upande wetu wa dunia unakuwa umetazama mbele katika safari ya kulizunguka jua, hivyo hukumbana na vimondo vingi, jioni huwa haba.

Setilaiti ziliupunguzia ufundi huu kazi, lakini hazikuuzima. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, vituo vya kupima theluji katika milima ya magharibi mwa Marekani vilituma vipimo vyao kwa njia hiyohiyo, vikitumia betri na umeme wa jua, na wakulima wa mabondeni wakapata kujua maji ya msimu ujao yatakuwa kiasi gani.