Sifuri Juu ya Sifuri

Chukua sehemu ambayo kiasi chake ni x² − 9 na asili yake ni x − 3, kisha weka 3 mahali pa x. Juu unapata sifuri, chini sifuri. Wapo wanafunzi watakaoandika kwamba jibu ni 0, wengine 1, na waangalifu wataandika kwamba jibu halipo, kisha wafunge daftari. Wote wamesimama mahali ambapo kazi ndiyo kwanza inaanza. Sifuri juu ya sifuri haikupi jibu wala haikunyimi. Inakuambia tu kwamba kubadilisha herufi kwa namba hakutoshi, sasa tumia akili.

Mjuzi wa kazi hii hukitazama kiasi, akaona kwamba 9 ni 3 mara 3, akatenga vigawo: (x − 3)(x + 3). Anafuta x − 3 ya juu na ya chini, anabaki na x + 3. Kadiri x inavyoikaribia 3, x + 3 inaikaribia 6, tena kwa umbali uleule: ukitaka jibu lisipishane na 6 hata kwa 0.001, hakikisha x haipishani na 3 kwa kiasi hicho. Namba hiyo inayokaribiwa ndiyo kikomo: 6.

Hatua ile ya kufuta, ambayo mwanafunzi huifanya bila kufikiri, iliwahi kuzua ugomvi mkubwa. Mwaka 1734 Askofu George Berkeley alichapisha The Analyst, akiwashutumu Newton na wafuasi wake kwamba wanagawanya kwa namba wakidai si sifuri, na wakishagawanya wanaigeuza kuwa sifuri. Shutuma hiyo ilikuwa ya haki kabisa. Jibu la kuridhisha lilichukua muda mrefu kupatikana: Bernard Bolzano mwaka 1817, Augustin-Louis Cauchy katika Cours d'analyse ya mwaka 1821, kisha Karl Weierstrass mjini Berlin. Walichofanya ni kuweka wazi kwamba tunapotafuta kikomo, x haiwi 3. Tunachunguza yanayotokea karibu na 3, karibu kadiri yoyote tutakayo, lakini 3 yenyewe hatuigusi. Na kwa kuwa x si 3, basi x − 3 si sifuri, na kugawanya ni halali. Kwangu mimi hapa ndipo uzuri wote ulipo: sharti linalotukataza kuigusa 3 ndilo hilohilo linalotupa ruhusa ya kufuta. Anayefuta bila kujua hivyo amepata 6 kwa bahati.

Mfano ninaoupenda kuliko wote una kipeuo. Juu kuna √(x + 4) − 2, chini kuna x, na x inakaribia 0. Sifuri juu ya sifuri tena, na safari hii hakuna kigawo kinachoonekana cha kufuta. Basi zidisha juu na chini kwa √(x + 4) + 2. Kwa macho unaonekana kuongeza mzigo, maana umeandika mtajo mrefu zaidi. Lakini kule juu vipeuo vinakutana na kuyeyuka: (x + 4) − 4, yaani x tupu. x hiyo inafutana na ya chini, na kinachobaki ni 1 juu ya √(x + 4) + 2, ambacho kinakaribia robo.

Atatokea wa kuuliza kwa nini tusitumie kikokotoo. Ukiweka x = 0.01 utapata 0.2498, na robo inaonekana kwa mbali. Ila jaribu x ndogo mno, desimali yenye sifuri kumi na tisa baada ya nukta ndipo ifuate 1. Kikokotoo kinachobeba tarakimu kumi na tano hakiwezi kuiona x hiyo kikishaijumlisha na 4. Kwake 4 inabaki 4, kipeuo ni 2, toa 2, jibu 0. Mashine ileile, x ileile, ukiipa umbo la pili, yaani 1 juu ya √(x + 4) + 2, inatoa 0.25. Aljebra haikubadilisha thamani hata chembe. Iliondoa tu utoaji wa namba mbili zilizokaribiana mno, ambao ndio uliokuwa ukiumeza ukweli.

Ipo pia njia ya mkato. Mwaka 1696 Marquis de l'Hôpital alichapisha mjini Paris kitabu chenye kanuni inayobeba jina lake, ingawa ilitoka kwa mwalimu wake, Johann Bernoulli: ukikutana na sifuri juu ya sifuri, tafuta kasi ya badiliko la kiasi na la asili, kisha ugawanye hizo. Ni kanuni nzuri, nayo inafaa pia pale juu na chini vinapokua bila mwisho. Siipendi inapofundishwa mapema, kwa sababu mwanafunzi huacha kuutazama mtajo wenyewe. Ijaribu kwenye √(x² + 1) juu ya x, x ikikua bila mwisho. Kanuni inakupa x juu ya √(x² + 1), yaani sehemu ileile imepinduliwa. Irudie, na inapinduka tena kurudi ilikoanzia. Utazunguka hivyo mpaka wino uishe. Aljebra inamaliza kwa mstari mmoja: toa x² nje ya kipeuo, ugawanye, upate 1.

Lakini angalia alama. x ikienda upande wa namba hasi, kipeuo cha x² si x, ni −x, kwa kuwa kipeuo hakitoi namba hasi. Huko kikomo ni −1. Ndiyo maana fundi wa vikomo hufanya kama hakimu mwenye subira, akimsikiliza shahidi wa kushoto peke yake na wa kulia peke yake kabla ya kutamka lolote. Chukua |x − 2| juu ya x² − 4, x ikikaribia 2. Kulia mwa 2, ile mistari miwili ya thamani kamili haina kazi, tunafuta, tunabaki na 1 juu ya x + 2: robo. Kushoto mwa 2, mistari hiyo inageuza alama, na tunapata robo hasi. Mashahidi hawa hawapatani, kwa hiyo kikomo hakipo. Lakini vikomo vya upande mmoja mmoja vipo vyote viwili, na kuvitaja ni kutoa taarifa kamili.

Utaratibu huu unatufaa hata kwenye mshahara. Kwa viwango vya kodi ya mishahara, yaani PAYE, vilivyoanza Tanzania Bara Julai 2021, mapato ya mwezi yanayozidi shilingi 270,000 hutozwa asilimia 8 ya ziada hiyo. Yakivuka 520,000 na kuingia daraja linalofuata, hutozwa 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kilichozidi 520,000. Wapo wanaohofia kwamba nyongeza ikiwavusha daraja watarudi nyumbani na pesa pungufu. Sikiliza pande mbili. Kutoka kushoto, kodi inakaribia asilimia 8 ya 250,000 (520,000 toa 270,000), yaani 20,000. Kutoka kulia, ile ziada inanyauka hadi sifuri na kodi inakaribia 20,000. Zinapatana, hakuna mruko, na hofu hiyo haina msingi.

Sasa uliza kodi inapanda kwa kasi gani kwenye 520,000 yenyewe. Badiliko la kodi juu ya badiliko la mapato, vyote vikielekea sifuri: tumerudi kwenye sehemu yetu. Badiliko la mapato tuliite h. Kushoto, 0.08h juu ya h. Kulia, 0.2h juu ya h. Futa h, ambayo si sifuri, na utapata majibu mawili yasiyopatana. Mwenye mapato ya kutozwa kodi ya 519,000 akiongezewa 1,000 anabaki na 920. Mwenye 520,000 akiongezewa 1,000 hiyohiyo anabaki na 800.