Mshale Unaojua Wakati wa Kuondoka

Google ilipoeneza huduma ya Live View katika programu yake ya ramani mwaka 2019, kilichovutia wengi ni mishale mikubwa iliyoonekana kuelea juu ya barabara halisi kwenye kioo cha simu. Uhodari wa kazi ile ulikuwa kwingine. Setilaiti huweza kukosea mahali alipo mtu kwa mita kadhaa, na kati ya maghorofa kosa hukua kwa sababu mawimbi hugonga kuta kabla ya kuifikia simu. Dira nayo huyumbishwa na vyuma vilivyo karibu. Kwa dereva, mita tano si hoja. Kwa mwenda kwa miguu, ndizo zinazotenganisha kando ya barabara na katikati yake. Wahandisi wakaigeukia kamera: mtumiaji huielekeza kwenye majengo, programu ikayalinganisha na picha za mitaa za Street View, huduma nyingine ya Google, zilizokwisha kupigwa, kisha ikakadiria amesimama wapi na anatazama upande gani. Hapo ndipo mshale huchorwa. Akianza kutembea huku akiikodolea simu, huambiwa aishushe.

Agizo hilo la mwisho lina uzito kuliko mshale wenyewe, hasa katika mitaa ambako magari, baiskeli na watu hutumia uso mmoja wa barabara. Hans Monderman, mhandisi Mholanzi ambaye kazi yake mjini Drachten ilijulikana kwa kuondoa taa za barabarani, alishikilia kwamba dereva asiyeamriwa na taa hulazimika kupunguza mwendo na kuwaangalia wenzake. Usalama wa mtaa wa namna hiyo unategemea macho. Chombo kinachoyateka, hata kwa nia njema, humpokonya mtembeaji kinga yake. Ndiyo maana uhalisia ulioboreshwa, yaani teknolojia hii ya kuchora ishara juu ya taswira ya mtaa halisi, unafaa kutumika kabla ya hatua ya kwanza: umwonyeshe mtu njia akiwa amesimama, kisha umwachie mtaa.

Watetezi wa miwani ya kidijitali watasema tatizo litakwisha, kwa kuwa miwani haimwinamishi mtu. Lakini kuinama ni sehemu tu ya hatari. Macho yanaweza kuelekea kwenye gari huku akili iko kwenye mshale. Tena mshale uliolazwa juu ya lami husomeka kama ruhusa ya kuvuka, ilhali kilichotambuliwa na programu ni majengo yasiyosogea, wala si pikipiki inayokuja.

Pingamizi zito zaidi ni la wasioona, ambao mtaa unaotegemea macho uliwaweka pembeni tangu mwanzo. Programu ya Soundscape ya Microsoft, iliyotolewa mwaka 2018, ilijaribu kuwafaa kwa sauti iliyosikika kana kwamba inatoka upande wa kule waendako. Hilo lilikuwa wazo bora kuliko mshale, lakini nayo ilieleza mahali, haikuchukua nafasi ya fimbo nyeupe wala mbwa mwongozaji. Mwaka huohuo serikali ya Uingereza ilizitaka halmashauri zisitishe miradi mipya ya mitaa isiyo na kingo za kutenganisha magari na watembeaji, baada ya malalamiko ya watu wenye ulemavu. Suluhisho lilitafutwa barabarani, si mfukoni mwa mtembeaji. Halmashauri inayoshawishiwa kununua mfumo wa kuwaongoza watembeaji iulize kwanza unanyamaza lini, na bajeti ya kingo na vivuko isiguswe kwa ajili yake.