Kulisoma Podo Kuukuu

Asiyejua, akiletewa podo la zamani la Wakamba wa Kenya, huuliza kwanza lina miaka mingapi. Anayejua haulizi. Huchomoa mshale mmoja kwa kuushika uti, akakaa mbali na chembe, kisha akaugeuza taratibu kwenye mwanga. Sumu ya Wakamba hutokana na mti ambao wataalamu wa mimea huuita Acokanthera, na dawa iliyomo hushambulia moyo. Mwaka 2014 mshale wa sumu ulimwangusha Satao, ndovu mashuhuri wa Tsavo Mashariki. Sumu iliyokaukia kwenye chembe miaka mingi nayo si ya kuchezea.

Kwenye mapodo yanayotoka Kitui kusini na Makueni, macho ya mpimaji huenda kwanza kwenye alama za mishale. Ni mikato midogo, pengine mitatu, pengine msalaba, iliyochongwa kutambulisha ukoo au mwenye mshale, ili mnyama akifia mbali pasiwe na ugomvi juu ya nyama. Gerhard Lindblom, msomi wa Uswidi aliyechapisha kitabu kikubwa kuhusu Wakamba mwaka 1920, alizieleza alama hizo. Mishale yote ikiwa na alama moja, podo hilo lilikuwa la mtu mmoja, na hapo bei hupanda. Wakusanyaji wa bastola za Webley, zile walizobeba maafisa wa Kiingereza, hufanya vivyo hivyo: huangalia kama namba ya silinda inalingana na ya kiunzi.

Kisha chuma. Zamani wahunzi wa Ukambani waliyeyusha mchanga mweusi wa mitoni. Baadaye walifua waya wa madukani, na siku hizi msumari wa inchi sita. Chembe ya msumari huonyesha asili yake shingoni, pale nyundo ilipopita haraka. Sisemi haina thamani, ila haiwezi kudai uzee wa ngozi inayoizunguka. Na ngozi ile nyembamba, iliyoviringishwa ili sumu isikauke, ikiwa bado ya awali, mimi huiona yenye thamani kuliko upinde mzima.

Kinachoudhi ni kiwi cha viatu. Muuzaji hulipaka podo likang'aa, akidhani ameongeza bei, kumbe amefuta jasho la mabega, mafuta ya mkono na moshi wa paa, yaani ushahidi wote. Bastola iliyosuguliwa upya hupata hasara hiyohiyo.

Sheria nayo ina neno. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 huhesabu kitu kilichotengenezwa kabla ya 1895 kuwa cha kale, hakitoki nchini bila kibali. Wachache wanaweza kuthibitisha mwaka huo. Kwa hiyo mpimaji mzuri huomba jina la mwenyewe, ukoo wake na kijiji, akayaandika. Wafanyabiashara wengi hawana subira hiyo: hulivunja podo, wakauza mishale mmojammoja kwa watalii, kwa bei ya kinyago.