Namna ya Kuisoma Beji Kuukuu ya Polisi

Marekani, ambako aghlabu kila mji mdogo una polisi wake na beji yenye jina lake, mkusanyaji huusoma mji juu ya shaba yenyewe. Bali kwetu, kwa kuwa askari wa Utete na wa Kilosa walikuwa wa jeshi moja la Tanganyika, lililoundwa mwaka 1919, wote walivaa kichwa kile kile cha twiga chini ya taji. Aishiye Temeke, ambako Barabara ya Kilwa hupita kando ya chuo cha polisi, na ambako shaba kuukuu hupimwa kwa kilo katika vibanda vya skrepa, ana sababu ya kujifunza kuzitambua beji hizo kabla hazijafika tanuruni.

Tarehe imo katika taji. La zama za wafalme, matao yake yamepanda duara. La Malkia Elizabeth, aliyeanza kutawala mwaka 1952, yamebonyea katikati, nalo halikudumu ila takriban miaka kumi, maana Desemba 9, 1962 Tanganyika ilikuwa Jamhuri.

Kisha ipindue. Beji ya asili ilipigwa: bamba jembamba la shaba lilishindiliwa juu ya muhuri wa chuma cha pua, hata kila kilichoinuka usoni kikaacha shimo mgongoni. Ya bandia aghlabu husubiwa katika kalibu iliyochukuliwa kwa beji nyingine, ikatoka nzito, mgongo umejaa, uso una vitundu vya mapovu, tena ndogo kidogo kuliko ile ya asili, kwa kuwa shaba ipoapo husinyaa.

Lakini ithibati niipendayo kuliko zote ni kulika kwake. Askari aliisugua kwa Brasso kabla ya gwaride, miaka nenda miaka rudi, na kwa kuwa kitambaa hugusa vilivyoinuka tu, pembe na shavu la twiga hulainika ilhali mabonde baina ya herufi yakibaki makali; azeeshaye beji mpya kwa tindikali huvila vyote sawasawa. Kwa hiyo usiing'arishe upya.

Ama mji, haupatikani ila katika kauli ya mzee aliyeivaa, au ya warithi wake. Muulize alihudumu wapi na miaka gani, uandike siku hiyo hiyo, na karatasi ile uihifadhi pamoja na beji. Beji za jeshi la leo usiziguse: hizo ni mali ya Serikali.