Kichezeo Kibovu na Ala ya Muziki

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii yahusu vyombo vya bahari, lakini yatufaa pia tunapotaka kupima sanaa moja changa: ile ya kufungua vichezeo vikuukuu vya watoto vinavyotumia betri, kugeuza nyaya zake, na kuvifanya vitoe milio ambayo mtengenezaji wake hakuikusudia. Wako wanaoisifu sanaa hii kupita kiasi, wakidai kwamba kila mlio wa ajabu ni muziki. Wako pia wanaoibeza, wakisema kuwa hizo ni kelele za takataka. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja: zote zautazama mlio tu, wala hazimtazami mtu anayeutawala mlio huo.

Kwanza tueleze asili yake. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, kijana mmoja wa Marekani, Reed Ghazala wa mji wa Cincinnati, aliacha kikuza sauti kidogo cha betri ndani ya mtoto wa meza, kikiwa hakina kifuniko cha nyuma. Sehemu zake za ndani ziligusana na chuma, na kifaa kikaanza kutoa milio mipya kabisa. Kijana hakukitupa. Alijiuliza: ikiwa ajali yaweza kufanya haya, je, mtu akikusudia? Mnamo 1992 aliupa ufundi huo jina lenye maana ya kupinda saketi, na mwaka 2005 akatoa kitabu kizima cha kuufundisha.

Ufundi wenyewe si mgumu kuueleza. Mwanafunzi huchukua kichezeo kinacholia au kusema, hukifungua, na kikiwa kinaendelea kulia hugusisha ncha mbili za waya mahali mbalimbali kwenye saketi. Pengine hapatokei kitu. Pengine sauti hupanda, hushuka, hukatika au hujirudia. Apatapo mahali panapompendeza hutia alama, kisha hulehemu waya na kufunga swichi. Akibadili kile kidude kinachoongoza kasi ya saketi, akaweka kitufe cha kuzungusha, ataweza kuifanya sauti iwe nyembamba au nzito apendavyo. Sharti moja halina mjadala: kazi hii hufanywa kwa vifaa vya betri tu. Chombo kinachotumia umeme wa ukutani kisifunguliwe kamwe, kwani umeme huo huua.

Kichezeo kilichopata sifa kubwa katika kazi hii ni Speak & Spell, kilichotolewa na kampuni ya Texas Instruments mwaka 1978. Kilikuwa kikiwafundisha watoto tahajia ya Kiingereza kwa kuyatamka maneno kwa sauti ya mashine. Mikononi mwa wapinda saketi, mashine hiyo hugugumia, huchanganya silabi na kutamka vipande visivyo na mpangilio. Hapa fani na maudhui vinakutana vizuri. Chombo kilichoundwa ili kusahihisha makosa ya mtoto sasa chenyewe chakosea, na msikilizaji hucheka, tena hushtuka kidogo. Hata hivyo, mzaha ukirudiwa mno huchuja. Mwanamuziki asiye na jambo jingine la kusema ila kuionyesha mashine ikigugumia atawachosha wasikilizaji wake upesi.

Ghazala hufundisha kwamba mtu hahitaji elimu ya elektroniki ili aanze. Bahati yatosha kuwa mwalimu. Fundisho hili lina nguvu yake, maana lawafungulia mlango wale waliodhani kwamba vyombo vya umeme ni siri ya wataalamu. Lakini lina udhaifu pia. Mlio unaotokea mara moja na usioweza kurudiwa ni tukio, bado si ala. Ala ni kitu ambacho mkono waweza kukirudia kesho ukakikuta kikiitika. Twakubali kwamba zipo ala ambazo utamu wake umo katika kutotabirika. Walakini hata hapo mchezaji hana budi kujua lini aiache iseme na lini ainyamazishe. Asipojua hayo, ala ndiyo inayomchezea.

Ili tuione tofauti hiyo waziwazi, tutazame mfano wa pili. Huu si wa vichezeo bali wa vyuma chakavu, ila ufundi wake ni ndugu wa ule wa kwanza. Katika jiji la Kinshasa, Mingiedi Mawangu, mtu wa jamii ya Bazombo waishio mpakani mwa Kongo na Angola, alikuwa mpigaji wa likembe. Hii ni ala ndogo ya vibao vyembamba vya chuma vipigwavyo kwa vidole gumba. Sauti yake ni ya upole. Katika makelele ya mji haikuweza kusikika. Mingiedi na wenzake wa kundi la Konono No. 1 walijitengenezea vinasa sauti kwa sumaku za magari mabovu na waya wa shaba, wakaitoa sauti kwa vipaza sauti vikuukuu. Vyombo hivyo havikuitoa sauti ikiwa safi. Vilitia mkwaruzo mkali. Nao hawakuukimbia mkwaruzo huo, bali waliukubali ukawa sehemu ya mtindo wao. Sahani yao, Congotronics, ilipotolewa mwaka 2004, iliwashangaza wasikilizaji wa Ulaya na Marekani. Mingiedi alifariki mwaka 2015.

Mkwaruzo huo haukuwa mgeni katika muziki wa Kiafrika. Hapa kwetu, ilimba ya Wagogo, ambayo marehemu Hukwe Zawose aliipeleka katika majukwaa mengi ya dunia, ni ya ukoo mmoja na likembe. Sanduku lake huwa na tundu lililofunikwa kwa utando wa buibui, ili kila noti ifuatwe na mvumo. Sikio lisilozoea huuita mvumo huo kasoro. Sikio la Mgogo hujua kwamba pasipo huo ala ina upungufu. Basi kipimo cha muziki si usafi wa sauti, wala si ugeni wake. Kipimo ni kama sauti hiyo imechaguliwa, na kama imepewa kazi mbele ya watu wanaoisikiliza.

Hapa ndipo Mingiedi anapomzidi mpinda saketi wa kawaida. Yeye alianza na haja: muziki wa wazee wake ulikuwa hatarini kumezwa na jiji. Umeme aliutumia kuulinda muziki huo, wala hakuutumia kuuonyesha umeme wenyewe.

Walimu watakaoileta kazi hii madarasani tunawashauri wasitosheke na shangwe ya mlio wa kwanza. Mwanafunzi na aulizwe: Je, waweza kuurudia mlio huu? Umeuchagua kwa sababu gani, na milio mingapi umeiacha? Utaupiga pamoja na ngoma gani, au wimbo gani? Akiweza kuyajibu hayo kwa vitendo, kichezeo chake kimekuwa ala, na yeye ameanza kuwa mwanamuziki. Asipoweza, arudishwe mezani kwa upole aendelee kusikiliza.